Mkono Ndani ya Kinyago

Asubuhi ile walikuwepo watu wanne: Fundi, kijana wa mashine ya mionzi ambaye wagonjwa wote walimwita hivyo; Mama Mdogo, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna mgonjwa mwenzake aliyekuwa na umri mdogo kama wake; wifi yake; na mtoto wa Mama Mdogo, wa miezi kumi, amelala mgongoni kwa wifi.

Mama Pipi hakuwepo. Nafasi yake kwenye benchi ilikuwa wazi.

Huyo alikuwa bibi mwenye saratani ya koo. Aligawa pipi za mnanaa kwa kila mtu, hata kwa mfagiaji, na mwenyewe hawezi kumeza. "Ukiogopa mle ndani, mwanangu," alizoea kumwambia Mama Mdogo, "nitakushika mkono."

"Leo kachelewa," Mama Mdogo alisema.

Wifi aliangalia sakafu. "Ingia, wifi. Mtoto ninaye."

Ilikuwa siku ya picha. Kabla ya mionzi, mashine ingempiga picha shingoni na uvimbe upimwe. Ukiwa umepungua, matibabu yangeendelea. Ukiwa umekua, daktari alishasema wazi: arudi nyumbani na dawa za maumivu.

"Tulia kama unapigwa picha ya pasipoti," Fundi alitania.

Akamvika kinyago cha plastiki chenye matundu madogo, kilichofinyangwa usoni pake siku ya kwanza kingali cha moto. Kilimshika kuanzia kwenye paji la uso hadi mabegani. Fundi akakibana kitandani kwa vifungo. Ta. Ta. Ta. Sasa hawezi kugeuza shingo wala kufungua mdomo. Kati ya plastiki na ngozi hapapiti hata karatasi.

"Ukizidiwa nyanyua mkono. Nakuona kwenye skrini."

Mlango mzito ukajifunga. Mashine ikaanza kumzunguka, ikinguruma polepole. Kama kawaida yake, Mama Mdogo alifumba macho akamuwaza mwanawe anavyohema usingizini.

Akasikia harufu ya mnanaa.

Kitu cha baridi kikamgusa chini ya sikio. Ndani ya kinyago. Kidole. Kikafuata cha pili. Cha tatu. Vyote vitano vikatandazwa juu ya uvimbe, vikatulia.

Akataka kunyanyua mkono. Haukunyanyuka. Mkono mwingine ulikuwa umemshika kiganja, kwa upole, kama anavyoshikwa mtoto wakati wa kuvuka barabara. Akavuta. Ukazidi kumbana.

Spika ikakoroma. "Dada, toa mkono shingoni."

Alitaka kupiga kelele. Kinyago kilimfunga taya.

"Dada? Kwenye picha naona mifupa ya vidole." Kisha Fundi akanong'ona, "Mikono yako yote miwili iko chini. Naiona."

Alikuja mbio akamfungua. Kinyago kilikuwa kikavu, kitupu.

"Mama Pipi yuko wapi?"

Fundi aliweka kinyago pembeni. "Alifariki Ijumaa. Wifi yako alituomba tusikwambie mpaka picha ipite, usije ukavunjika moyo."

Mama Mdogo alikaa pembeni mwa kitanda. "Na uvimbe?"

"Umepungua. Umebaki nusu." Fundi hakumtazama. "Zimebaki siku kumi na saba. Ukiziacha, uvimbe utarudi."

Nje ya mlango mtoto alikuwa ameamka, analia. Mama Mdogo alisikiliza kidogo. Kisha akalala tena chali.

"Funga," alisema.

Ta. Ta. Ta. Safari hii vidole vya Fundi vilikuwa vinakosea vifungo.

Mkono ulikuja siku zote kumi na saba.

Uvimbe uliisha. Mionzi iliunguza ngozi ya shingo ikawa nyeusi, isipokuwa michirizi mitano chini ya sikio, iliyobaki na rangi yake ya zamani mpaka leo. Mwanawe sasa yuko darasa la pili. Usiku hulala ameweka vidole vyake kwenye ile michirizi, na husema hapo tu ndipo pana baridi.