Mota Imepoa?

Duka la vipuri lilijaa watu hadi mlangoni, kila mmoja akipunga kifaa chake kilichokufa usoni mwa muuzaji. Mikono miwili ilifika kwa pamoja kwenye bomba la grisi ya kupozea vifaa lililobaki peke yake juu ya kaunta. Mmoja ulikuwa wa mwanamke aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, na kitambaa cha bluu kichwani. Wa pili ulikuwa wa mwanamume mrefu mwenye ovaroli lililochakaa magotini.

"Dada, nimelitangulia."

"Umelitangulia kwa macho. Mimi nimelitangulia kwa mkono."

"Mimi ni fundi wa friji. Nina mteja ambaye nyama yake inaharibika muda huu tunaoongea."

"Na mimi nina helikopta."

Fundi akamtazama kuanzia kwenye kitambaa hadi kwenye viatu. "Umeiegesha wapi?"

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mwanamke alijikaza asicheke nao, ikamshinda.

"Ni ya rimoti," alisema. "Nikiirusha kidogo tu mota inachemka mpaka naogopa kuigusa."

"Kumbe unapima joto kwa kidole?"

"Ulitaka nipime kwa ulimi?"

Bomba moja halikatiki vipande viwili juu ya kaunta, kwa hiyo walilinunua kwa ubia, na ilibidi wabadilishane namba za simu. Angalau hivyo ndivyo kila mmoja wao alivyojiambia.

Mwanamke yule alikuwa mwalimu wa udereva, na wanafunzi wake walimwita Rubani kwa sababu ya ile helikopta. Kila Jumapili, uwanja wa mazoezi wa chuo ukiwa mtupu, aliirusha hapo. Fundi akaanza kuja, akiwa amenyoa vizuri na kujipulizia manukato kama mtu anayekwenda harusini, na mfukoni ana kipimajoto chake cha kazini, kile cha kuelekeza taa nyekundu na kusoma namba.

"Tatizo lako ni gia," alimwambia baada ya kuifungua helikopta. "Hii uliyoweka kwenye mota ni kubwa mno. Unapandisha mlima kwa gia ya nne."

Rubani alishikwa na aibu, maana hilo ndilo kosa alilowagombeza wanafunzi kila siku. Wakabadilisha gia. Kisha Fundi akakihamisha kidhibiti, kile kijibati kinachoigawia mota umeme, kutoka tumboni mwa helikopta kusikopita hewa, akakiweka mbele kipate upepo.

"Hiki ndicho cha kuogopa," alisema. "Mota ikipata moto itakuonya kwa harufu. Hiki kikizidiwa kinakata umeme kimya kimya ili kijiokoe, na helikopta iko juu."

Wakawekeana utaratibu. Kati ya mruko na mruko, Fundi angepima, Rubani angeuliza, na bila jibu hakuna kuruka. Walisimama mbalimbali uwanjani, wakiwasiliana kwa simu na vipokea sauti masikioni, na maongezi hayakuishia kwenye mota.

"Umekula, mpenzi?" Rubani aliuliza.

"Nimekula. Mbona joto langu huliulizi?"

"Lako sithubutu kulipima. Kifaa chenyewe ni cha kuazima kwako."

Rubani alimpenda. Alimpenda hata kwa lile aliloliweka wazi mapema, kwamba yeye ndiye mtoto pekee kwa mama yake na hataoa bila radhi yake. Na mama huyo alikwisha kusema kwamba mwanamke anayechezea midude ya watoto hamwelewi.

"Mama anakuja Jumapili kukuona ukirusha," Fundi alisema siku moja kwenye simu. "Yeye na shangazi."

"Mbona hukuniuliza kwanza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo." Kisha akafungua kabati la nguo. "Anapenda rangi gani?"

Mama alikuja na gauni la zambarau na mkoba uliofungwa vizuri mapajani. Shangazi alivaa kofia pana ya ukindu, akakaa akiichezesha miguu kama msichana. Waliwekewa viti chini ya turubai, pembeni kabisa ya uwanja. Nyuma ya ukuta mafundi wa magari walikuwa wanakata mabati, na msumeno wao ulilia mpaka meno yakawasha.

Mruko wa kwanza ulikwenda kama maji. Helikopta ilipanda, ikazunguka, ikalala ubavu, ikatua taratibu kwenye kibao chake cha kutulia. Shangazi akapiga makofi.

"Arushe tena," Mama alisema. "Nilikuwa natafuta miwani."

Rubani, upande wa pili wa uwanja, alihisi jasho likimtelemka mgongoni. Jua lilikuwa kali na mota ndiyo kwanza imefanya kazi nzito. Alimwona Fundi akienda kwenye kibao, akainama, akabadilisha betri. Kisha Mama akamwita, naye akarudi turubaini. Rubani akangoja. Aliona miwani ya Mama imemwelekea yeye, na kila dakika iliyopita ilimfanya ajione mtu asiyejua analolifanya.

Msumeno ukaanza tena.

"Imepoa?" aliuliza kwenye simu.

"Poa, mpenzi. Poa kabisa."

Akairusha. Ilikuwa inakatisha mbele ya turubai, kwa mbali tu, mlio wake ulipokatika ghafla. Alivuta vijiti vyote viwili vya rimoti bila faida. Helikopta ikashuka kwa mwendo ule ule iliokuwa nao, ikajibamiza chini, na kipande cha panga lake la juu kikaruka kikapiga mguu wa kiti cha shangazi.

Rubani alitupa rimoti. Aliipita helikopta bila kuitazama, akapiga magoti mbele ya shangazi, akampapasa miguu yote miwili.

"Umeumia? Shangazi, umeumia wapi?"

"Sijaumia, mwanangu. Labda kofia."

Mama alikuwa amesimama, mkoba umebanwa kifuani. "Twende nyumbani," alisema, na sauti yake ilitetemeka.

Fundi alimgeukia Rubani, uso umempauka. "Ulikuwa na haraka ya nini?"

Rubani aliinuka, akamtazama. Huyu ndiye aliyemwambia poa kabisa. Alitaka kumfurahisha mama yake, akadanganya, na sasa anamtupia yeye lawama mbele ya mama huyo huyo.

"Wapeleke wazee wako," alisema.

Simu za Fundi hakuzipokea. Alifundisha watu kugeuza gari, akala chakula kisicho na ladha, na kila Jumapili akalala mpaka mchana. Alimchukia Fundi, kisha akamkumbuka, kisha akajichukia kwa kumkumbuka. Helikopta aliiacha ndani ya boksi bila kuifungua.

Hadi asubuhi moja alipofungua mlango wa gari la mazoezi na kumkuta Fundi kwenye usukani, amevaa shati la mikono mirefu na amefunga mkanda.

"Nimejiandikisha," alisema Fundi. "Ungepokea simu nisingefika huku."

Rubani alitamani kuondoka, lakini mkuu wa chuo alikuwa dirishani anawatazama. Akaingia. "Kanyaga klachi. Weka gia ya kwanza. Usiniangalie mimi, angalia barabara."

Gari likatoka likirukaruka. Wakaingia barabara kuu, lori mbele yao na pikipiki kila upande.

"Ulinidanganya," Rubani alisema, macho kwenye kioo cha pembeni.

"Mimi? Wewe ndiye uliyerusha bila kuuliza."

"Niliuliza. Ukajibu poa kabisa."

"Nilijibu hali yangu. Uliniambia 'poa?' nami nikasema poa."

"Nilisema 'imepoa?'"

Fundi aligeuka mzima mzima kumtazama, na lori likafunga breki. Rubani alikanyaga breki ya upande wake kwa nguvu zote. Gari lilisimama mkiani mwa lori, likazimika, na honi zikaanza kuwatukana kutoka nyuma.

"Msumeno," Fundi alisema polepole. "Sikusikia mwanzo wa neno. Nilidhani unanijulia hali kwa kuwa nimekaa na Mama."

"Lakini ulikuwa umepima."

Jasho lilimjaa Fundi juu ya mdomo.

"Sikupima," alisema. "Nilibadilisha betri tu. Niliona mvuke wa joto ukicheza juu ya mota, nikasema nitarudi. Mama akaniita. Aliniuliza kama nina uhakika na wewe, na nilikuwa katikati ya kumjibu. Kipimajoto kilikuwa mfukoni. Kosa ni langu."

Rubani alihisi hasira ikimtoka, na chini yake akaikuta aibu yake mwenyewe imekaa.

"Mimi nilipaswa kudai namba," alisema. "Tulikubaliana namba, na wewe ulinipa neno. Niliogopa namba itaniambia ningoje, na mama yako ananitazama. Nikalichukua lile neno nikaruka nalo." Sauti ikamkatika. "Ningeweza kumuua shangazi yako."

"Shangazi anauliza lini utarusha tena."

"Na Mama?"

"Mama hakunisemesha njia nzima. Tulipofika akasema, 'Yule mwanamke alikimbilia watu, akakiacha kidude chake kimevunjika. Wewe mwanangu ulisimama unatafuta wa kumlaumu. Kamwombe radhi, na usirudi kwangu peke yako.'"

Lori lilikuwa limekwenda zamani. Honi zilizidi, na mwenye pikipiki akagonga dirisha kuwauliza kama wamehamia pale.

"Nisamehe," Fundi alisema. "Na naomba nikuoe."

"Egesha kwanza."

Fundi aliliwasha gari, likazimika, akaliwasha tena. Alilisukumiza pembeni mpaka gurudumu la mbele likapanda ukingo wa njia ya miguu na la nyuma likabaki barabarani. Akazima, akamtazama kama mtu anayesubiri hukumu.

Rubani alijifuta macho kwa mkono wa shati. Alifungua mlango, akalitazama lile gurudumu, akaufunga tena.

"Nitaolewa na wewe," alisema. "Lakini cheti cha udereva nasaini mimi, na leo umeanguka."