Kisu cha Soksi Kilipohamia Mfukoni

Struan Esplin alikuwa dereva wa basi la shule mjini Forfar, huko Uskoti. Basi lake lilibeba watoto wenye ulemavu. Kila asubuhi alifunga mikanda ya viti vyao vya magurudumu, akawatania mmoja mmoja, kisha akawasha gari. Aliipenda kazi hiyo. Lakini ni kazi isiyotaka doa. Dereva wa watoto akipatikana na kosa la silaha mahakamani, basi tena.

Mwezi wa pili baba yake alifariki. Siku ya mazishi Struan alivaa kilti, ile sketi ya kiume ya Waskoti, kama ndugu zake wote. Kwenye soksi ya mguu wa kulia alichomeka kisu kidogo cha marehemu. Ndiyo mavazi kamili ya huko, na hakuna anayeshtuka kukiona. Marehemu naye alikirithi kwa baba yake.

Makaburini mvua iliwanyeshea vibaya. Walipofika hotelini kula pai ya nyama, kilti ya Struan ilikuwa inachuruzika maji. Aliingia msalani akavaa suruali. Kisu akakitia kwenye mfuko wa koti, akarudi kuwapokea waliokuja kumpa pole. Hakukikumbuka tena. Mtu aliyetoka kumzika baba yake ana mengi kichwani.

Kesho yake, Jumamosi, mkewe Ishbel alimtuma mkate. Alivaa koti lilelile. Kwenye foleni ya duka la mikate alivuta leso mfukoni, kisu kikatoka nayo, kikaanguka sakafuni na kuchomoka kwenye ala. Mama mmoja alimvutia mwanawe nyuma. Muuzaji akapiga simu. Siku hiyo palikuwa na mpira, kwa hiyo polisi hawakuwa mbali.

Konstebo alikuwa kijana, tena mpole. Alimtoa Struan nje, akamuuliza kwa nini anatembea na kisu. Hapo ndipo Struan alipoharibu. Watu walikuwa wanamchungulia dirishani. Aibu ilimkaba, na badala ya kusema kweli akajitia ubabe.

"Mji wenyewe siku hizi huwezi kujua," alisema. "Lazima mtu ajiweke tayari."

"Unasema umekibeba ujilinde?"

"Chukulia utakavyo, kijana."

Kijana alichukulia hivyo hivyo. Struan alikamatwa na kupelekwa kituoni. Mchana walimwachia, wakamwambia jalada litapelekwa kwa mwendesha mashtaka. Kisu kilibaki kwao. Jumatatu bosi wake alimwambia akae nyumbani mpaka jambo liishe.

Zikawa wiki mbaya. Asubuhi basi lilipita mbele ya nyumba likiendeshwa na mtu mwingine, na Struan aliondoka dirishani ili watoto wasimwone. Hakulala vizuri. Chakula kilimshinda. Siku moja Ishbel alimwambia wazi kwamba si kisu kilichomtia matatani, ni mdomo wake.

Jirani yao, Bi Moncur, alikuwa amestaafu ukarani wa mahakama. Aliwaletea supu ya shayiri, akaketi bila kungoja kukaribishwa, akataka aambiwe yote tangu mwanzo.

"Lakini ni mavazi yetu," Struan alisema. "Sheria yenyewe inaturuhusu."

"Inaruhusu kisu kikiwa sehemu ya mavazi. Dukani ulivaa nini?"

"Suruali."

"Basi ulikuwa mtu wa suruali mwenye kisu mfukoni. Kilti ilikuwa kwenye kamba inakauka."

Struan akasema kisu chenyewe kifupi, hakifiki inchi tatu. Bi Moncur akatikisa kichwa. Nafuu hiyo ya inchi tatu, alieleza, ni ya kisu cha kukunja, kinachokunjika wakati wowote. Kikiwa na kufuli ya kushika ubapa usikunjike, hakihesabiwi. Na fundi wa mazulia anaruhusiwa kubeba kisu chake akienda kazini, lakini si akienda baa jioni.

"Nilisahau tu, Bi Moncur."

"Kusahau peke yake hakukuokoi. Ila ungesema. Polisi ana nafasi ya kupima, mwanangu. Anatazama mahali, anatazama watu, anasikiliza jibu. Ungemwambia, 'Jana nimemzika baba yangu,' angekuwa na kitu cha kupima. Wewe ulimwambia ni cha kujilinda. Huku kwetu hiyo si sababu. Hiyo ni kukiri."

Struan alifunika uso kwa mikono, akalia mbele yao wote wawili. Tangu mazishi alikuwa hajalia.

Bi Moncur alimngoja anyamaze. Kisha akamwambia atafute wakili, aseme kweli yote, hata yale maneno ya kijinga, na aombe watu wa hotelini waeleze walichokiona siku ya mazishi.

Alifanya hivyo. Mwezi wa nne wakili alimpigia simu. Mwendesha mashtaka ametoa onyo, hapeleki kesi mahakamani. Struan alirudi kwenye basi lake. Lakini kisu hakikurudi. Alitakiwa akubali kiharibiwe, naye akakubali. Jioni hiyo alipekua gari lake, akatoa kisu cha kukatia zulia kilichosahaulika chini ya kiti.

Mwezi wa sita mpwa wake aliolewa. Baada ya chakula baba mdogo wa Struan, mzee Wattie, alilalamika kwamba kilti inambana tumbo. Alikuwa amekuja na suruali kwenye begi, akaitoa na kuinuka kwenda kubadili.

Struan alimshika mkono. "Usivue, baba mdogo. Nenda nyumbani ulivyo. Weka kisu kwanza, ndipo uvae suruali."

Mzee akacheka. "Umekuwa askari lini? Na wewe mbona soksi tupu? Kisu cha marehemu kiko wapi?"

Struan alikuwa amemficha habari hii miezi yote. "Kimeharibiwa. Polisi walinikuta nacho mfukoni."

Wattie aliacha kucheka. "Kile kilikuwa cha baba yetu."

"Najua."

Mzee akairudisha suruali kwenye begi. Struan alimpeleka nyumbani kwa gari, mzee akiwa na kilti yake na tumbo lake limebanwa. Alisubiri mlangoni mpaka aliposikia droo ya kisu inafungwa.