Wa Mwisho Mezani

Katika nyumba ya seremala, sheria ilijulikana hata na wageni: wa mwisho kufika mezani ndiye anayeosha vyombo. Baba mwenyewe hakusamehewa.

Kisha patasi ikamteleza, ikamkata kiganja cha kulia. Hospitalini walimshona. Nyuzi zilipotolewa, daktari alimwagiza aende kwenye mazoezi ya vidole. Kwa kuogopa maumivu, hakwenda. Nyumbani alitunzwa kama yai. Mkewe alimfungia vifungo vya shati, bintiye alimkatia nyama. Kuosha vyombo? Thubutu!

Alipoishika randa tena, ikamponyoka. Vidole vilikuwa vimekakamaa kama kuni.

"Karakana nitaifunga," alisema, akainamisha kichwa.

Mkewe alimwita jirani yao, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Jirani aliukagua mkono kidole kwa kidole.

"Kidonda kimepona, shemeji. Kinachokuponza sasa ni huruma ya hawa."

"Huruma nayo ni kosa, mwenzangu?" mke aliuliza.

"Mkono usiotumika hukakamaa. Kovu hushikamana, vidole hukataa kukunjika. Kesho aje kliniki nimpime. Hapa nyumbani, auchovye katika maji ya vuguvugu, akunje vidole na kuvikunjua polepole. Ajifunge vifungo mwenyewe. Kuvuta kidogo ni kawaida. Akipata maumivu makali au uvimbe, aache, anione."

"Ajifunge mwenyewe? Tutachelewa kila mahali!" binti alilalamika.

"Basi cheleweni."

Fundi akajifunga kibwebwe. Mwanzoni, kifungo kimoja kilimtoa jasho jembamba. Alipojaribu kukamua kitambaa kilicholowa, halikutoka hata tone. Alinuna, akafoka, lakini kliniki hakukosa. Wiki baada ya wiki, kifungo kikatii. Kijiko kikatii. Hatimaye randa ikalia juu ya ubao, maranda yakaruka mpaka mlangoni.

Siku hiyo alinogewa na kazi, akafika nyumbani wenzake wamekwishaketi. Baada ya kula, binti akainuka kukusanya sahani.

"Keti! Nani amefika wa mwisho?"

"Ni wewe, baba, lakini mkono..."

"Mkono ndio huu. Lete sabuni."

Akaosha sahani zote. Akakikamua kitambaa mpaka kikakauka. Mkewe akachungulia, machozi yakimlengalenga, kicheko kikimbana.

"Fundi, umeisahau sufuria. Ina masizi."

Akaishika kwa mkono wa kulia, akaisugua mpaka ikang'aa. Adhabu ikawa imetimia.