Sauti Iliyotangulia Mdomo

Kabula alijua mambo hayako sawa pale hedfoni zilipovuta pumzi kabla yake.

Alikuwa amekaa mbele ya maiki, katika chumba cha pili cha nyumba yao ya Shanwe, ambacho mumewe Masele alikibandika trei za mayai ukutani akakiita studio. Siku nane tu tangu ajifungue, mgongo bado unamvuta, na ameitwa aimbe kiitikio cha wimbo wa watu.

"Rudia," Masele alisema. "Nimepunguza bafa, ile namba ya kuchelewesha sauti. Ikiwa kubwa kompyuta inapumua, ila unaimba sasa unajisikia baadaye. Nikishusha, sauti inakuwahi."

"Imeniwahi kweli. Imeanza sijafungua mdomo."

"Uchovu huo, mama mtoto."

Akashusha tena, mia moja ishirini na nane, sitini na nne. Hedfoni zikakwaruza kama kucha kwenye bati, chumba kikanuka nywele zilizoungua. Halafu Kabula akasikia sauti yake mwenyewe ikiuliza taratibu, "Masele, umemrekodi mtoto?" Na mdomo wake ukafuata nyuma, ukauliza hivyo hivyo, wala hakuwa amepanga.

Masele aliangalia kibodi. "Kilio kimoja tu. Cha kuanzia wimbo. Juzi, ulipolala."

"Ukakipiga kwa spika za nje."

"Kidogo tu, nisikie."

Kidogo tu. Mama mkwe, Esteria, alisema siku ile ile ya kwanza, na Masele akaitikia ndiyo mama, ndiyo mama: mpaka kitovu kidondoke mtoto hana jina, hatoki, na kilio chake hakivuki mlango, kwa sababu huko nje kuna wanaookota vilio. Kitovu kilikuwa bado kimening'inia.

Ndipo mtoto alipolia, lakini alilia ndani ya hedfoni, na Kabula akazitupa akakimbilia chumbani bila viatu, kilio kikimfuata kutoka kwenye spika nyuma yake, kikubwa, kikavu, na kumbe kitandani mwanawe alikuwa amefungua mdomo mpaka ufizi wote ukaonekana, uso umeiva, machozi yanatiririka masikioni, na hakuna sauti, hakuna hata ya kukoroma, na Esteria amepiga magoti ameweka kiganja kwenye kifua kile kidogo akinong'ona, "Analia, mwanangu. Simsikii."

Kabula hakulia. Hasira ilimpanda kutoka kwenye kidonda cha uzazi mpaka kooni. Akarudi studio.

"Nakifuta, kinarudi," Masele alinong'ona. Namba ya bafa ilikuwa imejishusha yenyewe, thelathini na mbili. "Usiguse," spika zikasema kwa sauti ya Masele, halafu Masele mwenyewe akasema, "Usiguse."

"Toka kwenye kiti."

Spika zilikuwa zimeshasema hivyo. Inatuwahi, Kabula aliwaza, basi na ichelewe. Akashika mausi, akapandisha bafa yote, mpaka elfu mbili na arobaini na nane. Kilio kikavutika, kikawa kizito, kikabaki nyuma. Sasa alipozungumza na kilichokuwa ndani ya spika, yeye ndiye aliyetangulia.

"Wewe sikukubeba mimba. Hicho kilio nimekitoa kwa damu yangu, kina mwenyewe, kirudishe. Na ukija tena mlangoni kwangu utanikuta."

Akang'oa waya. Kimya. Harufu ikakatika. Na chumbani mtoto akalia, kilio chake hasa, kile chembamba.

Alipofika mlangoni, Esteria alikuwa amesogea mpaka ukutani.

Mtoto alikuwa amefumba mdomo. Kilio kilikuwa kinatoka hivyo hivyo, midomo imetulia, mpaka kikaisha. Kisha akakunja uso, akafungua mdomo, akatikisa ulimi bila sauti, akafumba. Kabula akahesabu moja, mbili. Ndipo kilio kikaja.

Masele alikuwa nyuma yake, pumzi zimemtoka. "Naweza kuishusha bafa kidogo, mke wangu. Kidogo tu."

"Ukiigusa hiyo kompyuta, nakuvunja mkono."

Akamwinua mwanawe, akampa titi. Mtoto akaachia titi, akafungua mdomo akiwa anamtazama, akafumba. Kabula akasubiri.