Watoto: Hakuna

"Soma tena mstari wa tatu," aliniambia, kidole chake kikigonga karatasi. "Soma kwa sauti."

"Nimeshausoma."

"Ungekuwa umeusoma usingekuwa unabisha."

Mstari wa tatu ulikuwa kodi ya makazi. Kule mtaa wa juu kila kaya hulipa mara mbili ya mtaa wa chini. Alikuwa ameuandika kwa wino mwekundu na kuupigia mistari miwili. Mchumba wangu anafanya kazi ofisi ya kodi, dirisha namba nne, na watu wanaotufahamu wote wanamwita Mtu wa Kodi. Hata mimi humwita hivyo tukiwa na furaha. Siku hiyo nilimwita "wewe". Harusi ilikuwa imebakiza wiki tano, na bado hatukuwa tumekubaliana tutaishi wapi.

"Na mstari wa nne?" nilimuuliza. "Mbona huo hujaupigia mistari?"

"Wa nne una nini?"

"Shule."

"Shule ni shule. Zote za serikali, zote zina ubao na chaki."

Mimi si msemaji. Nikigombana na mtu koo hunikauka, na jibu zuri hunijia kesho yake nikiosha vyombo. Lakini habari za shule nilizijua kuliko yeye. Nilisomea ushonaji chuoni miaka miwili, na sasa ninashona sare za shule zote mbili, ya juu na ya chini.

Nilichukua marundo mawili ya sare zilizoletwa kutiwa viraka, nikayaweka juu ya karatasi yake.

"Hizi ni za juu. Zimetoboka wapi?"

Alizigeuza bila hamu. "Viwiko."

"Na hizi za chini?"

Akazirudisha kwenye rundo.

"Sema."

"Makalioni."

"Wale wanaegemea madawati. Hawa wanakaa sakafuni. Nimekwenda mwenyewe nikahesabu. Darasa moja, watoto themanini na saba, mwalimu mmoja. Chiriku atasikia nini pale?"

Chiriku ni binti yangu. Ana miaka saba, na jina hilo amelipata kwa kuongea tangu anapofumbua macho. Baba yake alifariki kabla hajaanza kutambaa. Nilipokubali kuolewa tena nilitoa sharti moja tu: mwanangu akae nami, na asome shule inayofaa. Uandikishaji wa mwaka mpya ulikuwa unafungwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

"Mtoto mwenye akili husoma popote," alisema. "Mimi nilisomea chini ya bati linalovuja, na leo nina meza ofisini."

"Una meza, ndiyo maana umesahau sakafu."

Alinitazama kama mtu aliyedonolewa na kifaranga alichokifuga mwenyewe. Akakunja karatasi yake, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake alasiri akaja wifi yangu, dada yake mkubwa, kujaribu gauni lake la kuvaa harusini kwetu. Nilikuwa nimepiga magoti nikipima pindo, pini tatu mdomoni.

"Wifi, hivi unaolewa na mwanamume au unaolewa na shule?"

Nikaendelea kupima.

"Nakuuliza! Mdogo wangu alipe kodi mara mbili maisha yake yote, kwa ajili ya mtoto wa marehemu? Damu yenyewe si yake."

Nilitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine. "Wifi, nyoosha mkono."

"Nijibu kwanza."

"Simama vizuri. Ukitikisika nitakuchoma."

"Unanitisha?"

"Nakuarifu."

"Alaa! Kumbe upole wote ule una miiba ndani. Mtoto ana bibi yake, si akae huko? Wangapi wamelelewa na bibi zao na wamekuwa watu?"

"Wangu ana mama."

"Haya. Walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe umekuja tuugue."

Alivua gauni likiwa limejaa pini, akachomwa mara mbili, na zote mbili akasema nimefanya makusudi. Haikuwa kweli. Mara ya pili labda.

Siku mbili baadaye ujumbe ukaingia kwenye simu yangu.

"Umeshinda. Tunahamia mtaa wa juu, nyumba namba kumi na tisa. Nimeshalipia na fomu ya kaya nimepeleka. Furahi sasa."

Nililia juu ya kitambaa cha mteja. Nilimpenda yule mtu, nisidanganye. Kuna siku mvua ilivujia kibandani kwangu, akasimama saa nzima ameshika mwavuli juu ya cherehani yangu, yeye mwenyewe akilowa hadi viatu. Mtu wa namna hiyo unamsamehe mengi.

Nikamwandikia: "Asante mpenzi wangu. Mungu akuzidishie."

Akajibu: "Sawa."

Ningekuwa mjanja ningeitilia shaka ile "sawa".

Jumatano nilimchukua Chiriku kwenda kumwandikisha. Karani wa shule alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Ukutani nyuma yake kulikuwa na kabati la vitabu kutoka sakafuni hadi darini.

"Hivi vyote ni vya nani?" Chiriku aliuliza.

"Vya wanafunzi."

"Hata cha juu kabisa kule? Mnakifikiaje?"

"Kuna ngazi," karani alisema, akicheka. Kisha akaandika namba ya nyumba kwenye kompyuta yake, na kicheko kikaisha. "Mama, nyumba hii haina mtoto."

"Tunahamia mwezi ujao."

"Naelewa. Lakini fomu ya kaya imeshaletwa. Watu wazima, wawili. Watoto wa umri wa shule, hakuna."

"Labda ofisini wamekosea."

Hakubishana nami. Aligeuza kioo cha kompyuta nikaiona fomu yenyewe, imejazwa kwa wino mwekundu, kwa mwandiko ninaoujua kuliko wangu.

"Huku nusu ya kodi ni fungu la shule," alinieleza taratibu. "Kaya isiyo na mwanafunzi husamehewa fungu hilo. Kwa hiyo sisi tunapokea tu watoto walioandikwa kwenye fomu. Ukiniletea fomu yenye muhuri kabla ya saa tisa Ijumaa, nafasi ya huyu ipo. Baada ya hapo siwezi."

Chiriku alinivuta mkono. "Mama, hakuna nini?"

Nilimkalisha kwenye benchi la nje, nikasogea pembeni na kupiga simu.

"Chiriku hayumo kwenye fomu," nilisema alipopokea.

"Niko kazini."

"Najua uko kazini. Hayumo."

"Ni karatasi tu ile. Kila mtu anatafuta unafuu wa kodi."

"Bila kuandikwa hasomi."

"Mwaka mmoja tu! Akae kwa bibi yake, sisi tujipange, tupate wa kwetu, halafu..."

"Wa kwetu?"

"Usinishike maneno."

"Na huyu ni wa nani?"

"Umetaka mtaa wa juu, nimekupa mtaa wa juu. Sasa unataka na nini tena? Ngozi yangu?"

Akakata. Nikampigia mama yangu, anayeishi mwendo wa siku nzima kutoka hapa. Kabla sijasema neno, yeye alianza.

"Mwanangu, kitanda cha mjukuu wangu nimeshakitandika. Mnamleta lini?"

Nikakaa chini, palepale kwenye ukingo wa barabara. "Nani kakuambia tunamleta?"

"Si mwenzio! Alinipigia wiki iliyopita. Akasema umekubali, ila unaona haya kuniomba mwenyewe."

"Mama, mimi sijakubali kitu."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Alinisalimia harakaharaka siku ile, nikajisemea moyoni, huyu ana jambo. Sasa utafanyaje?"

"Tutakuja likizo kukusalimia."

"Wewe na mumeo?"

"Mimi na Chiriku."

"Haya," alisema mama. "Kitanda ni kipana, mtaenea."

Jioni ile na siku nzima ya Alhamisi simu yangu haikutulia.

"Usifanye mambo kwa hasira."

"Kadi za harusi zimeshagawiwa. Unataka niwaambie nini watu?"

Kisha, alipoona simjibu:

"Haya ringa. Mwanamke mwenye mtoto wa mtu, utampata wapi mwingine wa kukuoa?"

Huo niliusoma mara nne. Halafu nikafunga kibanda na kwenda mtaa wa juu kutafuta vyumba. Nyumba ya tatu niliyobisha hodi nilipata viwili, nyuma ya duka la dawa, kimoja cha kulala na kimoja cha cherehani. Rangi imebanduka na mlango haufunguki hadi uupige bega, lakini mwenye nyumba alinipa fomu ya kaya palepale nikaijaza nimesimama.

Ijumaa asubuhi nilikwenda ofisi ya kodi. Fomu zote za kaya hupokelewa dirisha namba nne, kwingine hakuna. Nilichukua namba yangu kama watu wengine, nikakaa kati ya mzee mmoja mwenye kofia na mwanamke aliyekuwa akisinzia. Saa tano na nusu namba yangu iliitwa.

Aliponiona, alisogea karibu na kioo na kunong'ona. "Umefuata nini hapa?"

"Huduma."

"Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Punguza sauti."

Hajawahi mtu kuniambia hivyo maishani mwangu. "Fomu ya kaya," nilisema. "Nyumba namba kumi na tisa. Nataka kufanya marekebisho."

Uso wake ukalegea. Akatoa fomu kwenye faili, akashika kalamu. "Si ungesema tangu mwanzo? Haya, nimeshindwa. Namwongeza. Fungu la shule nitalipa, harusi ibaki palepale. Umefurahi?"

Moyo wangu uliyumba, nakiri. Kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi. Neno moja tu la ndiyo, na kila kitu kingerudi kama kilivyokuwa.

"Nikuulize kitu," nilisema. "Fomu hii uliijazia wapi?"

"Kwako. Mezani, wewe ukiwa sokoni."

"Chiriku alikuwa wapi?"

Akainamisha kichwa. "Alikuwapo."

"Wapi?"

"Pembeni yangu. Anaongea, kama kawaida yake."

"Anaongea nini?"

"Jamani, haya ni mambo gani ya kuulizana kazini?"

"Alikuwa anaongea nini?"

"Aliuliza kama chumba chake kitakuwa na dirisha."

"Ukamjibu nini?"

Hakuniangalia. "Nikamwambia litakuwapo."

Mwanamke aliyekuwa akisinzia alikuwa macho kabisa sasa.

"Basi usimwongeze," nilisema. "Punguza."

"Nipunguze nini?"

"Hapo penye watu wazima. Andika mmoja."

"Huwezi kunifanyia hivi mbele za watu."

"Wewe ulimfanyia akiwa pembeni yako."

Nikatelezesha fomu ya pili chini ya kioo. "Na hii ni kaya mpya. Vyumba viwili, nyuma ya duka la dawa, mtaa wa juu. Mtu mzima mmoja, mtoto mmoja. Naomba muhuri."

"Unajua watu watasema nini? Dada yangu atasema nini?"

"Gauni lake liko tayari. Atakuja kulichukua."

"Wewe mwanamke, utajuta! Utarudi hapa unalia!"

Mzee mwenye kofia akakohoa nyuma yangu. "Kijana, kama ndoa haipo, piga muhuri. Wengine tumefuata kodi."

Watu wakacheka. Mtu wa Kodi akaingiwa na aibu. Alianza kuipitia fomu yangu mstari kwa mstari, kama sheria inavyomtaka, akitafuta kosa. Hakulipata. Mimi ni fundi, napima kabla ya kukata.

"Jina la mtoto hujajaza," alisema mwishowe, kwa ukali wa mtu aliyepata pa kushikia.

"Nimekuachia wewe. Unalijua."

Alifunika kalamu, akaifunua tena. Kisha akayaandika majina ya binti yangu yote matatu, kwa wino ule mwekundu, kwenye mstari wa watoto. Akapiga muhuri kwa nguvu hadi meza ikatikisika.

"Fungu la shule utalilipaje peke yako?" aliuliza, na sauti yake haikuwa na ukali tena.

"Nitalishona."

Nilikunja fomu nikaiweka kifuani. Saa ya ukutani ilikuwa saa sita kasoro dakika tano, na shuleni ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nyuma yangu nilimsikia akijaribu kuita namba inayofuata. Sauti haikutoka. Ikabidi yule mzee ajiite mwenyewe.