Wasifu Usio na Jina la Kapteni

"Jina la kapteni liwe juu kabisa," alisema Otema. "Juu ya jina la mtoto."

"Kwani kapteni ndiye anayeomba kazi?" aliuliza mkewe, Alal.

"Mama Ojok, mimi ni askari wa magereza hapa Luzira. Naujua mji huu. Bila mtu mkubwa, karatasi hiyo watafungia karanga."

Alal alikuwa akimenya matoke. Hakuacha kumenya. Binti yao, Atim, alikaa mezani na kalamu mkononi. Alikuwa kidato cha nne, na likizo ilikuwa imeanza. Hospitali moja mjini ilitaka wanafunzi wachache wa kujifunza kazi katika maabara. Maombi yalikuwa yanafungwa jioni hiyo, na kila mwombaji alitakiwa kuleta wasifu.

"Na akikosa?" Otema aliendelea. "Kapteni amesema kuna nafasi mesini, kwenye bwalo la jeshi. Atawapelekea maafisa chakula."

Alal aliweka kisu chini. "Mesini haendi. Binti akiingizwa kazini na mkubwa, mkubwa atataka shukrani. Unajua shukrani gani. Na kaka yake Ojok je? Mwaka jana ulijaza karatasi yake kwa jina la mkubwa. Yule mkubwa yuko wapi leo?"

"Punguza sauti," alisema Otema, akatazama mlangoni.

Mkubwa yule alikuwa amechukuliwa na watu wa usalama kwa gari, hakurudi. Tangu hapo, kila ofisi iliyosoma karatasi ya Ojok ilimrudishia haraka, kama kitu cha moto.

Atim alisimama. "Nakwenda kwa Mama Katembo," alisema.

Mama Katembo alikuwa jirani yao. Jina lake ni Emérence. Alitoka Kongo na mumewe wakati wa vita, na sasa alikuwa karani katika kampuni moja kule Nakasero. Kazini, yeye ndiye aliyefungua barua za watu wanaoomba kazi.

Emérence aliisoma karatasi ya Atim akiwa amesimama.

"Baba yako nimemwona," alisema. "Namba yake ya kazi nimeiona. Ukoo wenu na kanisa lenu pia. Kapteni huyu hapa. Sasa Atim yuko wapi?"

"Yuko chini, shangazi. Nimeandika kwamba ninasoma."

"Wote wanaoomba wanasoma. Keti." Emérence alivuta kiti. "Wasifu si historia ya familia. Wasifu unajibu maswali machache. Wewe ni nani na unapatikana wapi? Umesoma nini? Umefanya nini kwa mikono yako? Nani anaweza kukuthibitisha? Basi. Ukurasa mmoja unatosha."

"Lakini mimi sijafanya kazi yoyote."

"Na sabuni ninayofulia hutoka wapi?"

Atim alicheka. "Ile? Ile ni ya jikoni tu."

"Dukani hakuna sabuni. Nusu ya majirani tunafua kwa sabuni yako. Unaitengenezaje?"

"Nachoma maganda ya matoke nipate majivu. Nayachuja kwa maji. Natia yai. Yai likizama, maji bado ni mepesi. Likielea, nayachemsha pamoja na mafuta ya ng'ombe."

"Nani alikufundisha?"

"Mwalimu Nusura alitueleza darasani. Mengine nilijaribu mwenyewe."

"Unapima, unachuja, unajaribu tena. Maabara wanafanya nini kingine? Andika."

Atim aliinama, akaandika: *Mtaalamu wa sabuni.*

Emérence alilifuta neno la kwanza. "Ukijiita mtaalamu, watakuuliza ya kitaalamu, nawe utatoa macho. Andika ulichofanya, na lini ulianza. Usiongeze, usipunguze."

Atim aliandika upya. Kisha akaanza kuandika jina la Mwalimu Nusura kama mtu wa kumthibitisha. Emérence akamshika mkono.

"Umemwomba?"

"Bado."

"Basi bado hujaandika. Usiweke jina la mtu kabla hajakubali. Anakaa wapi?"

"Kisugu."

"Pitia kwake kwanza. Akikubali, ndipo ujaze jina lake."

Atim alirudi nyumbani na karatasi mpya. Otema aliipokea, akaisoma polepole.

"Kapteni hayumo," alisema.

"Hayumo, baba. Nami sitamwandika."

"Wakikuuliza nani amekutuma?"

"Nitasema nimekuja mwenyewe."

Otema alisoma tena. Alal alimtazama, tayari kuanza kubishana upya. Lakini Otema aliweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa umekosea. Umeandika ulianza sabuni mwezi wa pili. Ilikuwa mwezi wa tatu. Mafuta ya kwanza nilikuletea mimi kutoka machinjioni. Yalinuka kwenye basi zima, watu wakahama viti."

Alal alijaribu kuzuia kicheko, akashindwa.

"Andika tena, bila kufutafuta," alisema Otema. Alivaa kofia yake ya kazi. "Mimi nakwenda kumwambia kapteni kwamba mesini huendi. Nitamwambia masomo yamekubana. Atanuna. Anune."

Atim alinakili karatasi yote kwa mwandiko safi. Mama yake alimpigia gauni pasi na kumpa nauli. Huko Kisugu, Mwalimu Nusura alikubali jina lake liandikwe. Alasiri Atim alikuwa hospitalini, mbele ya mkuu wa maabara, mzee mwembamba aliyeitwa Muhamadi.

"Nani amekutuma?" aliuliza mzee.

"Hakuna, mzee. Nimekuja mwenyewe."

Mzee Muhamadi alimtazama, kisha akasoma. Alifika kwenye sabuni, akasimama hapo.

"Sabuni yako haikuchubua watu mikono?"

"Ile ya kwanza ilinichubua mimi. Niliimwaga yote, sikumpa mtu. Nikaanza upya kwa majivu machache."

"Uliimwaga wakati sabuni haipatikani?"

"Ndiyo, mzee."

Mzee aliikunja karatasi, akaitia kwenye droo yake. Alichukua koti jeupe lililoning'inia ukutani, akampa Atim.

"Hapa tunamtaka mtu anayeweza kumwaga kilichoharibika na kusema kimeharibika," alisema. "Wengine nitawaita wiki ijayo. Wewe, chupa zile za kuoshwa zinakusubiri."

Atim alivaa koti, akakunja mikono ya koti iliyokuwa mirefu mno, akafungua bomba la maji.