Kadi Ndani ya Sanduku la Saba

Sanduku la saba lilikuwa jepesi. Hicho ndicho kilichomshtua afisa wa ulinzi wa taarifa binafsi alipokagua rejista kuukuu za wodi ya wazazi, zilizongoja kupelekwa kwenye mashine ya kusaga karatasi. Akalifungua, akahesabu, akahesabu tena. Orodha ilisema rejista sita. Zilikuwemo tano.

Saa tatu asubuhi Inspekta alikuwa amepiga magoti katika masijala ya hospitali, glavu mkononi. Afisa, kijana wa miaka ishirini na kitu, alisimama nyuma yake akijifuta jasho.

"Humu mna nini cha kuibwa?" Inspekta aliuliza.

"Siri za wanawake mia tatu, afande. Nani alizaa, alizaa na nani, mtoto alikwenda wapi. Muda wa kisheria wa kuzihifadhi umekwisha, zinatakiwa ziharibiwe Jumatatu. Ikivuja hata moja, kuna nyumba zitavunjika."

Kufuli lilikuwa zima. Dirisha lilikuwa na nondo. Lakini kwenye pengo lililoachwa na rejista, mtu alikuwa amesimamisha kadi ya kijani.

"Hii nini?"

"Kadi ya kufuatilia. Zamani faili likitoka, kadi inashika nafasi yake. Unaandika limetoka lini na limechukuliwa na nani. Siku hizi tuna kompyuta."

Kadi ilikuwa na tarehe ya Jumanne. Mahali pa jina palikuwa patupu.

Inspekta alikwisha kukamata wezi wa kila aina, lakini mwizi anayeacha risiti hakuwahi kumwona. Huyu hakuwa mjinga. Mkono wake ulikuwa umeizoea kazi hata ukaitangulia akili.

"Nani bado anatumia kadi hizi?"

Afisa alisita. "Shangazi peke yake."

Hospitali nzima ilimwita hivyo mtunza kumbukumbu, mwanamke aliyebakiza miezi miwili kustaafu. Aliingia na miwani ikining'inia kifuani, akaketi kabla ya kuambiwa.

"Orodha ya masanduku aliandika nani?"

"Mimi."

"Na rejista iliyopotea uliiandika?"

"Ya tatu kutoka juu."

"Ungeiruka, nani angejua?"

"Hakuna."

"Sasa mbona hukuiruka?"

Alimtazama kama anayemhurumia. "Afande, orodha ikikosa kitabu ni uongo. Sijawahi kuandika uongo humu ndani."

"Iko wapi?"

Vidole vyake vilianza kuizungusha kamba ya miwani. "Kwangu. Chini ya mto."

"Shangazi, wewe?" Afisa hasira zilimpanda. "Ulitaka kumpa nani?"

"Sijampa mtu. Nasoma mstari mmoja tu. Mingine nimeifunika kwa kitambaa."

Inspekta aliweka kalamu chini. "Mstari gani?"

Shangazi alifumba macho. Alipoanza, alisema polepole, kama anayesoma.

"Mtoto wa kike. Kilo mbili na gramu mia moja. Alilia. Wameandika hivyo, alilia. Baada ya saa nne, wameandika amefariki. Mimi nilikuwa sijitambui. Nilipozinduka walikwisha kumzika, na sijui walimzika wapi. Mume wangu akasema tusimtaje, tukawa hatumtaji. Halafu naye akaondoka. Nikaja hapa kuomba kazi ya kufagia, nikafagia mpaka nikafika masijala. Nimekaa karibu naye miaka ishirini na minne. Jumatatu mlikuwa mnamsaga."

"Ungeomba nakala," afisa alisema kwa sauti ndogo.

"Si ulitufundisha wewe mwenyewe, mwanangu? Mwenye taarifa ndiye anayeomba. Wangu ataombaje?"

Afisa aliinamisha kichwa. "Kwamba mzazi anaweza kuomba kwa niaba ya mtoto, ilikuwa kwenye ukurasa uliofuata wa mafunzo. Muda uliisha, tukaenda kula."

Askari aliyetumwa nyumbani kwa Shangazi alirudi na rejista, kitambaa cheupe kikiwa bado katikati yake. Inspekta aliipokea kwa mikono miwili.

"Shangazi, siri za wenzako zimelala nje ya ofisi siku tatu. Lazima nifungue jalada la kesi."

"Najua. Ndiyo maana niliandika tarehe."

"Ila sasa kitabu hiki ni kielelezo. Hakisagwi mpaka kesi iishe."

Afisa alimletea fomu ya kuomba taarifa binafsi. Kwenye uhusiano na mhusika, Shangazi aliandika "Mama", kwa mwandiko ulionyooka wa masijala. Kisha akarudi juu, penye jina la mhusika.

"Hapo acha wazi tu," afisa alisema. "Rejista haina jina."

Hakuacha wazi. Aliinama, akaikinga karatasi kwa kiganja cha kushoto, akaandika taratibu jina ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya mtu. Inspekta alikuwa karibu kiasi cha kulisoma. Akageuka, akautazama ukuta.